Kamera bila adresi: nani atapokea barua ya faini?

Wandugu vijana wa Lubumbashi, na ninyi wote munaotusoma Likasi, Kolwezi, Kalemie, Bukavu na fasi zingine,

Wiki iliyopita mmoja wetu alirudi nyumbani bila versement. Yuko na licence ya uchumi, ametafuta kazi miaka miwili hakupata, na sasa anaendesha taksi ya mtu. Kila jioni lazima amupe mwenye gari makuta yake, mvua inyeshe ao jua liwake. Siku ile, saa mbili ya asubuhi, kwenye carrefour moja ambayo hatutaitaja, roulage alifungua mlango wa mbele akaketi. Hakusema kosa ni gani. Alisema tu: "Twende bureau." Ndani ya taksi mulikuwa abiria wanne. Wote wanne walishuka bila kulipa, na hatuwezi kuwalaumu.

Kule bureau walimusomea makosa matatu. La kwanza, kupita feu rouge. Feu rouge yenyewe ya carrefour ile imezima miezi na miezi, kila mtu anajua. "Amende ni mingi," wakamwambia, "lakini wewe ni mtoto wetu, ongea tu bien." Akaongea bien. Alitoka kisha masaa matatu, bila karatasi hata moja mkononi, na franka 35.000 zimebaki kule. Jioni mwenye gari hakutaka kusikia hadisi. Alisema: "Kama uko na reçu, leta. Kama hauna, ni wewe ulikula."

Siku ya Posho tulipokutana, mwenzetu alisimulia yote hayo. Mmoja akaruka: "Waweke kamera! Kamera haina tumbo. Haikuli madesu ya bana. Inapiga picha, unapata barua, unalipa, basi." Mwingine akajibu: "Barua? Wewe, nani alishakuletea barua kwenu?" Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Tulibishana masaa mawili. Maandiko haya ni matunda ya mabishano yale, na ni mawazo ya sisi wote, hata wale waliokuwa wanapiga kelele.

Kwa nini tunaelewa wenye kutaka kamera

Tusianze kwa kuwacheka. Mwenye kutaka kamera anasema kitu cha kweli: amechoka na mkono wa mtu.

Kile kilichomupata mwenzetu si bahati mbaya ya mtu mmoja. Wasomi kadhaa, pamoja na Mkongomani Albert Malukisa Nkuku, walichunguza polisi wa barabarani wa Kinshasa kutoka ndani, kwa miaka. Waliona kwamba makuta ya kweli yenye kuingia ni kama mara tano ya faini zenye kuandikwa. Waliona tena jambo ambalo sisi hatukulifikiria sana: roulage wa chini, yule tunayemutukana kila siku, anapewa na mukubwa wake idadi ya magari ya kuleta bureau. Kila siku ni hesabu. Asipoileta, anatolewa kwenye fasi yake nzuri, anapelekwa barabara yenye hakuna kitu. Kwa hiyo anasimamisha kila mtu, mwenye kosa na asiye na kosa. Na wakati anawinda, hakuna mwenye kuongoza magari. Embouteillage inakuwa kubwa kwa sababu ya mtu aliyewekwa pale kuiondoa.

Musome vizuri hapo. Kama makuta yanapanda kutoka barabarani hadi kwa wakubwa, basi mkono wa roulage ni mwisho tu wa kamba. Ukiondoa mkono ule ukaweka kamera, kamba inabaki. Swali letu la kwanza ndilo hili: kamera itafungwa kwenye kamba gani?

Kinshasa ilishakuwa na mashine zenye kuona

Watu wanaongea kamera kama kitu kipya cha Wazungu. Lakini mwaka 2013 Kinshasa iliweka roboti za barabarani, na zilitengenezwa na Wakongomani. Injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake wa Women's Technologies walizijenga: mashine za aluminium, refu kupita mtu, zenye kula nguvu ya jua, zenye kugeuka na kuinua mkono, na kamera ndani. Mwaka 2015 zikaongezeka zingine, hata zikapewa majina: Tamuke, Mwaluke, Kisanga. Tulijivuna, na tuko na haki ya kujivuna. Waendeshaji wengi walisema wanaheshimu roboti kuliko roulage, juu roboti haiombi kitu.

Roboti iliona, na picha zilienda kule zinakotunzwa. Lakini kutoka picha hadi faini, njia ni ndefu. Tuliuliza marafiki zetu wa Kinshasa wenye kuendesha: hakuna hata mmoja aliyewahi kupata barua juu ya kosa lililoonwa na roboti. Kosa halikuwa la injinia. Yeye alifanya sehemu yake, na ilikuwa sehemu nguvu. Kilichokosa ni vitu ambavyo havihitaji akili ya roboti: daftari la plaki lenye majina ya kweli, adresi za watu, posta, na bureau yenye kusikiliza mtu anayesema "si mimi".

Barua inatembea namna gani kwa wenzetu

Kaka na dada zetu wa Paris na Lyon wanajua bahasha ile. Ufaransa ilianza radar za barabarani mwaka 2003. Radar inapiga picha ya plaki. Picha inaenda kwenye centre moja mjini Rennes. Kule wanatafuta plaki ni ya nani, wanaandika barua, posta inaileta nyumbani. Ndani ya barua kuna siku, saa, fasi, mwendo uliopimwa, bei, na namna ya kulipa. Faini ya euro 135 inashuka kuwa 90 kwa mwenye kulipa mbio, inapanda hadi 375 kwa mwenye kuchelewa. Na jambo kubwa: kama si wewe uliyekuwa unaendesha, uko na haki ya kuandika jina la aliyeendesha, ao kukataa na kwenda mbele ya sheria.

Je, ilisaidia? Mwaka 2002 watu zaidi ya 7.000 walikufa barabarani Ufaransa. Mwaka 2006 walikuwa chini ya 5.000. Si kazi ya radar peke yake, kulikuwa na sheria zingine pia. Lakini watu walipunguza mwendo, na mtu aliyepona hawezi kusema radar ni bure.

Hata hivyo, kule kule, mwishoni mwa 2018 na mwanzo wa 2019, wakati wa maandamano ya gilets jaunes, zaidi ya nusu ya radar za nchi ziliharibiwa. Nchi yenye posta, yenye adresi, yenye tribunal zenye kufanya kazi. Kwa nini? Juu watu wengi waliacha kuamini kwamba radar iko pale kwa ajili ya maisha yao. Waliona ni mfuko wa serkali wenye macho. Kama hayo yanaweza kufika Ufaransa, kwetu itakuwa namna gani?

Place de la Poste haina barua yetu

Sisi wana Lubumbashi tunapangana rendez-vous Place de la Poste. Tunapanda taksi pale, tunauza unité pale, na siku ya kuandamana ni pale tunapigiwa gaz. Lakini nani kati yenu, mwenye miaka ishirini na tano, alishapokea barua kutoka mkono wa facteur, nyumbani kwake? Wazazi wetu wanasimulia B.P. kama wanasimulia treni ya zamani. Jina la posta limebaki kwenye fasi, kazi yake imeondoka.

Na adresi? Kenya na Kamalondo, nyumba nyingi ziko na numéro tangu zamani. Lakini nenda kwenye ma-quartier mapya, kule mwenye shamba aliuza vipande na kila mtu akajenga alivyotaka. Adresi ya mmoja wetu ni hii: "Unashuka arrêt ya mwisho, unapita kanisa lenye bati la bleu, unauliza kwa Mama wa makala." Barua ya faini itauliza kwa Mama wa makala?

Kisha kuna jambo la plaki. Gari nyingi za hapa zinatoka Japani, volani iko kuume, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia Kasumbalesa. Wa kwanza anaandikisha kwa jina lake. Mwaka unaofuata anauza. Aliyenunua anauza tena. Mutation ya carte rose ni makuta mingi na safari nyingi za bureau, basi watu wanaandikiana karatasi, wanasaini mbele ya mashahidi wawili, yamekwisha. Leo gari iko kwa mtu wa nne, na plaki inasema jina la mtu wa kwanza, ambaye pengine alishahamia Kolwezi, ao alishakufa. Kamera itapiga picha nzuri kabisa, na faini itaenda kwa marehemu.

Lakini mutu atakayeumia zaidi si marehemu. Ni mwenye kushika volani bila gari kuwa yake. Fikirini mwenzetu wa taksi. Kamera inaandika plaki. Plaki ni ya mukubwa wake. Mukubwa anapata ujumbe, hasomi mara mbili, anamupigia simu: "Utalipa na versement." Hakuna contrat. Hakuna wa kumuuliza kama siku ile ni yeye aliyeendesha, ao ni mdogo wa mukubwa aliyechukua gari jioni. Roulage ukimwongelesha anaweza hata kuhurumia, anaacha nusu. Mashine haina tumbo, ni kweli, lakini pia haina masikio. Kama hatukuiwekea bureau yenye masikio, tutakuwa tumetoka kwa mwenye kula na kuingia kwa mwenye kutosikia.

"Basi watume SMS"

Hili ndilo jibu la wengi kwenye mkutano wetu, na si jibu la kijinga. Majirani wanafanya hivyo.

Tunajua jina la Rwanda linauma leo, na hatutaomba samahani kwa uchungu huo. Lakini waendeshaji wa Bukavu na Goma waliovuka mipaka wanazijua kamera za kule, watu wamezipa jina Sofia, na faini inafika kwenye simu. Mwaka 2021 watu wa kule walilalamika kwa sauti: kamera zimefichwa, alama za mwendo hazieleweki, unatoka barabara ya 60 unaingia ya 40 bila kujua. Malalamiko yalikuwa mengi hadi rais wao mwenyewe akajibu kwenye Twitter kwamba jambo litaangaliwa. Fundisho ni rahisi: SMS inafika mbio, lakini kama alama ya barabarani haionekani, SMS inakuadhibu kwa kosa ambalo hukuambiwa.

Uganda ni fundisho la karibu zaidi. Mwezi wa sita 2025 walianza faini za kamera zenye kufungwa na plaki mpya za kidijitali. Kupita mwendo ilikuwa shilingi 200.000, na kama umepita sana, 600.000. Watu wa boda na taksi walianza kupata ujumbe juu ya ujumbe, wengine faini nyingi kwa siku moja, barabara zingine bila alama ya mwendo. Makelele yalikuwa makubwa, na kabla mwezi haujafika nusu, serkali yenyewe ikasimamisha faini hizo ili kupanga upya. Watu waliuliza swali moja ambalo nasi tuliweke kwenye kichwa: katika kila faini, kampuni iliyoleta mashine inakamata ngapi, na nchi inabaki na ngapi?

Kwa sisi Kongo, ongeza hili: SIM ngapi mutu anabadilisha kwa mwaka? Simu ngapi zinaibiwa ku marché Kenya kila wiki? Kama muda wa kulipa unahesabiwa tangu siku SMS inatumwa, na simu yako iko mfukoni mwa mwizi, faini itapanda wakati wewe unatafuta simu.

Mashine nayo inaweza kununuliwa

Kuna wenye kuamini kwamba rushwa inakufa mbele ya kompyuta. Tuwapeleke Chicago, Marekani. Mji ule ulianza kamera za feu rouge mwaka 2003 na kampuni inayoitwa Redflex. Zikawa nyingi kuliko karibu mji mwingine wowote wa Marekani. Mwaka 2012 gazeti Chicago Tribune likaanza kufunua mambo: mkubwa mmoja wa mji, John Bills, alikuwa anapewa makuta, safari na zawadi ili kampuni ile ipate contrat na kuongezewa kamera. Mwaka 2016 alihukumiwa miaka kumi ya gereza. Mkubwa wa kampuni naye alifungwa.

Na si hilo tu. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba kamera zilikuwa zinaandika faini hata pale taa ya manjano ilidumu sekunde 2,9 tu, wakati kipimo ni 3. Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Kwa macho huioni. Lakini faini kama 77.000 zilitoka katika pengo lile, karibu dola milioni 7,7.

Tunasema hayo si kwa kufurahia ubaya wa wengine. Tunasema juu kule waliweza kujua. Kulikuwa gazeti lenye kuchimba, mkaguzi wa mji mwenye kuhesabu, na tribunal yenye kumufunga mukubwa. Rushwa ya roulage unaiona: iko mbele yako, imevaa kofia. Rushwa ya kamera iko ndani ya contrat, kwenye bureau yenye climatiseur, na utaisoma tu kama contrat iko wazi. Wangapi kati yetu walishasoma contrat hata moja ya mji huu?

Lakini barabara inaua

Mtu asitusikie vibaya. Sisi si wa kusema "muache watu wapite wanavyotaka". Kwenye barabara kubwa ya kutoka Kolwezi kupita Likasi hadi Kasumbalesa, malori ya shaba na cobalt yanapita mchana na usiku, na watoto wanavuka kwenda masomo. Mwaka jana tulizika rafiki, manseba, umri kama wetu, aliyegongwa na lori lililokuwa linapita lingine kwenye kona. Lori halikusimama. Hakuna aliyeona plaki. Siku ile, kama kungekuwa kamera moja tu, mama yake angekuwa na jina la kushitaki. Mpaka leo hana.

Ndiyo maana hatuwezi kusema kamera hapana. Tunasema: kamera kwa ajili ya mama yule, si kwa ajili ya mfuko. Na tofauti ya hizo mbili haiko ndani ya mashine. Iko ndani ya masharti.

Code de la route yetu ni sheria ya 30 Agosti 1978. Hakuna kati yetu aliyekuwa amezaliwa. Kabla ya kununua jicho jipya, tunaomba viongozi wa mji, wa provansi na wa nchi wajibu mambo saba haya:

1. Reçu kwanza, kamera baadaye. Faini yote ilipwe ku banki ao kwa M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, na numéro yenye kuonekana. Faini isiyo na reçu isiitwe faini. Hili halihitaji kamera hata moja, linaweza kuanza kesho.

2. Bei za makosa zibandikwe kwa Kiswahili, mbele ya kila bureau ya roulage na kwenye kila parking ya taksi. Mutu asiyejua bei ndiye anayeambiwa "ongea bien".

3. Taa ziwake, alama zisimame, mistari ichorwe, kabla ya kuadhibu mtu kwa kuzivunja. Feu rouge iliyozima haiwezi kuwa shahidi.

4. Daftari la plaki lisafishwe. Mutation iwe ya bei ndogo na ya siku moja, na watu wapewe muda wa kuandikisha gari kwa majina yao bila kuadhibiwa. Kazi hiyo inahitaji vijana wenye kujua kompyuta. Tusifiche: wengi wetu tuko na diplôme hiyo, na tumekaa nyumbani.

5. Mwenye kuendesha alindwe. Mwenye gari asiweze kukata versement bila kuonyesha picha na saa. Na kuwe bureau moja, bila kulipa, ambapo unaonyeshwa picha na kusema "si mimi". Muda uhesabiwe tangu siku umejua, si tangu siku wametuma.

6. Contrat ya kamera iwe wazi, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kampuni isilipwe kwa kuhesabu faini. Mwenye kulipwa kwa kila kosa atatafuta makosa, hata kama lazima ayatengeneze.

7. Makuta ya faini yaonekane barabarani. Kila miezi tatu, assemblée provinciale isomewe: faini ngapi, makuta ngapi, yamefanya nini. Tunataka kuona passage za watoto mbele ya masomo, si jeep mpya mbele ya bureau.

Na tunaongeza neno juu ya roulage mwenyewe. Anasimama kwenye jua la Octobre kuanzia asubuhi, mshahara wake haumfikishi tarehe kumi. Hatumtetei anapokula. Lakini kama anaendelea kupewa idadi ya magari ya kuleta, utamfukuza leo, kesho atakuja mwingine mwenye njaa ileile.

Na sisi?

Wandugu, tuambiane ukweli kati yetu. Nani anampa roulage 2.000 kupitia dirisha ili asichelewe? Ni sisi. Nani anabeba abiria wawili ku moto bila casque? Ni sisi. Nani anapita sens interdit mbele ya marché na kusema "ni dakika moja tu"? Ni sisi, na tunacheka. Kila matabishi tunayotoa kwa dirisha ni mshahara wa mfumo tunaoulaani jioni. Hatuwezi kuomba jicho lisilokula wakati mikono yetu wenyewe inalisha.

Basi tunaomba kitu kidogo, cha siku thelathini, kuanzia Kazi Moja ijayo. Kila mwendeshaji wa taksi, wa taxi-bus, kila manseba, na kila abiria anayetaka, akamate kaye ndogo. Kila mara gari inasimamishwa, andika vitu vitano: siku, saa, fasi, makuta yaliyotoka, reçu ndiyo ao hapana. Usiandike jina la roulage. Usimpige picha. Usibishane naye. Hatutafuti mutu wa kutukana, tunatafuta hesabu. Mwisho wa mwezi leteni kaye kwa wenzetu wa commune yenu. Tutajumlisha, na tutapeleka jumla ile ku mairie na ku assemblée provinciale, kwa miguu, mchana, bila jiwe hata moja mkononi.

Siku ile tutawaambia: hii ndiyo barua yetu. Haikupita posta. Imekuja na wenye kuiandika, na iko na tarehe, saa na makuta, kama faini yoyote ya kweli. Nasi pia tutawapa muda wa kujibu.

Mwenzetu wa taksi ameanza tayari. Kaye yake iko kwenye boîte à gants, na ukurasa wa kwanza unasema: saa mbili ya asubuhi, franka 35.000, reçu hapana.

Sisi vijana raia wa Lubumbashi